Mshikaki si mbaya kuliko mwendo

Siku ya soko Ogwedhi, mpakani mwa Migori na Transmara, bodaboda hupita zikiwa na mshikaki: dereva na abiria watatu, pengine na kuku juu yake. Polisi huukamata mshikaki, na wana haki. Lakini tupige hesabu. Pikipiki, dereva na abiria mmoja tuseme ni kilo 250. Kwa kilomita 40 kwa saa, nishati mwendo yake ni jouli 15,400 hivi. Ongeza abiria wawili wa kilo 70 kila mmoja, inapanda hadi 24,000. Sasa washushe hao wawili, kisha ukimbize pikipiki kwa 80: jouli 61,700.

Kanuni inasema hivi: nusu ya tungamo, zidisha kwa kasi iliyozidishwa kwa yenyewe. Kasi ikiwa maradufu, nishati huwa mara nne.

Wataalamu wa Ulaya waligombania jambo hili kwa miongo mingi. Wafuasi wa Descartes walishikilia tungamo mara kasi, basi. Mwaka 1686 Leibniz akawapinga: kasi lazima iingie mara mbili. Mdachi Willem 's Gravesande ndiye aliyewapa watu kitu cha kuona. Katika miaka ya 1720 alidondosha mipira ya shaba kwenye udongo laini wa mfinyanzi. Mpira uliofika kwa kasi maradufu ulisukuma udongo mara nne, na ili uipate kasi hiyo ilibidi udondoshwe kutoka kimo mara nne.

Mfaransa Émilie du Châtelet akaupokea ushahidi huo na kuutetea katika kitabu chake cha 1740. Bibi huyu ndiye aliyemtafsiri Newton kwa Kifaransa, na bado hakuona haya kusimama upande wa Leibniz, hasimu wa Newton. Hiyo nusu ilichelewa: Gaspard-Gustave de Coriolis aliiweka mwaka 1829, alipokuwa akipima kazi ya mashine.

Kenya nayo iliiingiza kanuni hiyo katika sheria, ingawa hakuna aliyeitaja. Tarehe 1 Februari 2004 kanuni za waziri John Michuki zilianza kutumika, na matatu zikafungwa vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Gari linalokwenda 120 lina nishati mara 2.25 ya lile la 80, ingawa kasi imezidi kwa nusu tu. Pikipiki hazikuguswa, wakati huo zilikuwa chache, na wimbi lake lilikuja baada ya VAT kuondolewa kwa pikipiki ndogo mwaka 2008.

Pikipiki inaposimama, breki ndiyo inayoimaliza nishati yake yote ya mwendo, kwa kuigeuza joto. Breki inayosimamisha pikipiki ndani ya mita 10 ikienda 40, ikienda 80 huhitaji mita 40, na hapo bado hatujahesabu umbali unaopita kabla dereva hajaigusa.