Tigithe, Mara na ugomvi wa vipimo

Kila Septemba 15 Kenya na Tanzania huadhimisha Siku ya Mara. Hotuba za siku hiyo hupenda nyumbu na watalii. Ningetamani mwaka mmoja wazungumzie ugomvi ulioufuata Mto Mara tangu 2009: nani ameyapima maji, na alipima kitu gani.

Dhahabu ya Nyamongo, Tarime, ilikuwa ikichimbwa na wachimbaji wadogo kwa sururu kabla ya mgodi wa North Mara kufunguliwa 2002. Afrika Mashariki Gold Mines, Placer Dome, Barrick, Acacia, kisha Barrick tena, safari hii Serikali ikiwa na hisa asilimia 16: mabango yamebadilika, mashimo ni yale yale ya Nyabirama, Nyabigena na Gokona. Karibu yake unapita Tigithe, unaomwaga maji yake Mto Mara, na ng'ambo ya Mara ni wilaya ya Serengeti.

Mei 2009 maji yenye tindikali yalivuja kutoka mgodini yakaingia Tigithe. Kampuni ilikiri, ikasema wezi walikuwa wamechukua plastiki iliyotandikwa bwawani. Wanavijiji walizungumza juu ya ngozi zilizobabuka, mifugo iliyokufa na hata watu waliokufa.

Tindikali hiyo haimiminwi na mtu. Mawe taka yenye salfa yakipata hewa na mvua huitengeneza yenyewe, nayo huyeyusha metali zilizomo ndani ya mwamba. Elimu hii ilitoka kwenye makaa ya mawe: huko Marekani vijito vya Pennsylvania na West Virginia viligeuka rangi ya chungwa, na mwaka 1947 Colmer na Hinkle walionyesha kuwa bakteria huiharakisha kazi hiyo. 

Mwaka huo huo wa 2009, Bitala, Kweyunga na Manoko walichukua udongo, tope na maji kuzunguka mgodi. Ripoti yao, iliyowasilishwa kwa Jumuiya ya Kikristo Tanzania (CCT), ilionyesha viwango vya juu vya metali nzito, ikiwamo arseniki. Hoja ilifika bungeni, kisha ikapoa. Mei 2019 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) liliutoza mgodi faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa kuvuja kwa bwawa la topesumu, na Julai bwawa hilo likaamriwa kufungwa kwa muda.

Kisha ikaja Machi 2022. Samaki walielea wakiwa wamekufa karibu na daraja la Kirumi kwenye Mto Mara, maji yakiwa yamebadilika rangi na yakinuka. Selemani Jafo, aliyekuwa waziri wa mazingira, aliunda kamati chini ya Profesa Samwel Manyele, aliyewahi kuwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Jibu lao: mimea iliyooza, kinyesi na mikojo ya ng'ombe. Nchi nzima iliangua kicheko, chenye hasira ndani yake. Watu waliuliza ng'ombe wa Mara wameanza kunya lini. Na kumwambia Mkurya, ambaye ng'ombe kwake ni mahari na akiba, kwamba zizi lake ndilo limeua samaki huku mgodi ukitoka bila lawama, ni kutafuta ugomvi.

Hata hivyo kicheko si kipimo. Mwaka 2018 watafiti wakiongozwa na Christopher Dutton walichapisha kazi yao ya huko juu, upande wa Kenya: kinyesi cha viboko hurundikana madimbwini, mvua kubwa ikija hukisomba, oksijeni huisha majini na samaki hufa. Mto Mara unaweza kuua samaki wake bila mgodi. Viboko, ng'ombe, mafunjo yanayooza: kanuni ni moja.

Lakini hilo haliwasafishi waliovujisha Tigithe. Mwaka 2009 watafiti walipima metali karibu na mgodi. 2022 swali kubwa lilikuwa oksijeni, mbali huko Kirumi. Ripoti moja haifuti nyingine, ingawa wanasiasa wa pande zote walizitumia hivyo. Kosa, kwa maoni yangu, ni kusubiri mizoga ielee ndipo kamati iundwe, wakati mita ya oksijeni si chombo cha anasa. Iwekwe Kirumi, nyingine Tigithe inapokutana na Mara, na matokeo yabandikwe kila wiki kwenye ofisi za vijiji, ng'ambo zote mbili, Matongo upande wa Tarime kama Majimoto upande wa Serengeti.