Ufutaji wa Matoleo ya Kale na Historia ya Istilahi

Toleo la saba la Unix, la mwaka 1979, lilikuwa na kifasiri-amri cha Stephen Bourne, pamoja na cron iliyotekeleza amri kwa saa zilizopangwa. Hivyo hati fupi ya amri iliweza kufuta, usiku kwa usiku, matoleo ya programu yaliyopitwa na wakati. Faida yake ni nafasi ya diski. Hata hivyo, toleo la kale ni ushahidi pia. Mwanaisimu achunguzaye istilahi za Jambo OpenOffice, iliyotolewa mwaka 2004 na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, huhitaji rasimu zilizotangulia, ambamo neno huweza kujaribiwa kisha likaachwa. Hapa Buluo, Likasi, nani ataelewa ramani za kabla ya 1966 pasipo kulijua jina la Jadotville? Basi hati ya amri na ihesabu siku, lakini ibakize nakala moja ya kila mwezi.