Ngoma Iliyokaa Nje ya Mlango: Uimbaji Wetu Ulikotoka



Majina ya waanzilishi wa kwaya na orodha ya viongozi mtayapata kwingine katika kijitabu hiki. Sisi tuliombwa tuandike jambo ambalo vijana wetu wamekuwa wakiuliza tangu mazoezi ya jubilii yaanze: huku kuimba kwa sauti nne, na ngoma tatu pembeni, kulitoka wapi? Na kwa nini wazee wengine bado hukunja uso ngoma inapolia?

Tuanze na ngoma, maana ndiyo iliyotangulia. Huku kwetu Magharibi, Waisukha na Waidakho walikuwa na isukuti kabla ya kengele yoyote ya kanisa kulia. Ngoma huwa tatu: kubwa, ya kati na ndogo, ambazo wengi huziita baba, mama na mtoto. Hufuatana na pembe ya swala na njuga za chuma. Mtoto alipozaliwa, ilichezwa. Harusini ilichezwa, na matangani pia. Mwimbishaji mmoja anatoa maneno, watu wanaitikia, na wachezaji wanapanga safu, wanaume kwao na wanawake kwao. Hakuna aliyekaa kwenye kiti kutazama. Kama umefika, wewe ni mwitikiaji.

Wamisionari Wakwekeri kutoka Marekani walifika Kaimosi mwaka wa 1902. Wakatoliki wa Mill Hill nao wakajenga Mukumu miaka michache baadaye. Walileta shule, dawa na vitabu vya nyimbo. (Wakwekeri wa zamani kule Uingereza waliabudu kwa kunyamaza kimya. Waliokuja kwetu walikuwa wameshazoea kuimba, na kwa hilo tunamshukuru Mungu.) Lakini ngoma waliihusisha na pombe, matambiko na michezo ya usiku. Makanisa mengi yakaikataza, na mkristo mpya akatakiwa aiache nyumbani.

Tusiwalaumu kwa kila kitu, kwani ndio waliotuletea solfa. Mfumo huu ulianzia Uingereza katika karne ya 19, kwa kazi ya mwalimu aliyeitwa Sarah Glover wa Norwich, kisha mchungaji John Curwen akaurekebisha na kuueneza. Uzuri wake ni kwamba hauhitaji mistari mitano wala piano. Herufi za kawaida zinatosha: d, r, m, f, s, l, t. Mwalimu wa shule ya kijijini aliweza kuziandika ubaoni kwa chaki, na jioni ile ile watu waliosoma darasa chache tu wakaimba soprano, alto, tena na besi. Kwaya nyingi za Kenya zilizaliwa kwa chaki hiyo, na yetu ni mojawapo. Madaftari ya solfa ya waanzilishi wetu bado yako kabatini, ingawa panya wameyaonja.

Shida ilikuwa katika tafsiri. Neno la Kiswahili hukazwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: tunasema BWAna, MUngu, waTOto. Tenzi nyingi za Kiingereza humaliza mstari kwa mkazo kwenye silabi ya mwisho kabisa. Maneno yetu yalipotiwa kwenye tuni zile, tukajikuta tunaimba bwaNA na muNGU, na tumezoea hata hatusikii tena. Kwa Kikuyu na Kidholuo mambo ni mazito zaidi, kwa kuwa huko kupanda na kushuka kwa sauti kunaweza kubadilisha maana ya neno. Kwa hivyo mtunzi anayeanza na lugha yake, kisha akatafuta tuni, hafanyi ushupavu. Anataka tu maneno yasikike.

Mabadiliko yalikuja polepole, na kutoka pande nyingi. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka wa 1927, lilichukua muda kuzipa nyimbo za Kiafrika nafasi yake. Kule Kamina, Kongo, mwaka wa 1958, Padre Guido Haazen na waimbaji wake waliimba Misa kwa mahadhi na ngoma za Kikongo, ile Missa Luba, ambayo baadaye Muungano National Choir ya hapa kwetu, chini ya Boniface Mganga, iliirekodi pia. Mwaka wa 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifungua mlango kwa muziki wa wenyeji katika ibada za Wakatoliki. Mwaka huo huo wimbo wetu wa taifa ulitungwa juu ya tuni ya wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto. Na Dkt. Arthur Kemoli, mhadhiri wa fasihi Chuo Kikuu cha Nairobi, alipanga nyimbo za Kiafrika kwa sauti nne hadi walimu wa kwaya wakaona kwamba solfa na ngoma vinaweza kukaa nyumba moja.

Kwetu sisi havikukaa upesi. Waanzilishi wanasimulia kwamba ngoma yao ya kwanza ilihifadhiwa kwenye kibanda cha kuni, nje. Waliipiga walipokuwa wakipanga mstari kuingia, wakaiacha mlangoni, wakaimba ibada nzima bila ngoma, kisha wakaichukua wakitoka. Mzee mmoja wa kanisa alikuwa akisimama mlangoni kuhakikisha. Mama mmoja wa alto, ambaye leo amekaa safu ya mbele, anasema walipiga mdundo kwa visigino sakafuni, na mzee yule hakuweza kuwavua viatu.

Ngoma iliingia ndani baadaye, bila azimio lolote la kikao. Ilikuwa ibada ya mazishi, mvua ikanyesha, na kila mtu na kila kitu vikaingizwa ndani. Jumapili iliyofuata hakuna aliyeitoa.

Mwaka jana ilikaribia kutoka tena. Ngozi mbili zilikuwa zimepasuka, mpigaji wetu wa ngoma kubwa alikuwa ametangulia mbele za haki, na hakuna kijana aliyejua kuzipiga. Hatukuwa peke yetu: mwaka wa 2014 UNESCO iliiweka isukuti katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, kwa kuwa wanaoijua wanazeeka bila warithi. Katika kamati wengine walisema kinanda chetu kina midundo ya ngoma tayari, unabonyeza tu. Tukajaribu Jumapili tatu. Kinanda hakikukosea hata mara moja. Lakini mwimbishaji alipotaka kurudia kiitikio kwa sababu kanisa lilikuwa limesimama, kinanda kilikuwa kimeshafika ubeti mwingine. Ngoma humsikiliza mwimbishaji, ikamngoja. Ile mashine ilitungoja sisi tuifuate.

Tulichanga, tukawamba ngozi mpya, tukamwomba mzee mmoja kutoka kijiji jirani atufundishe Jumamosi mchana. Walianza vijana kumi na mmoja. Wamebaki wanne, wawili wao wasichana, jambo ambalo lilizua mjadala wake wenyewe ambao hatutauandika hapa.

Leo baada ya somo la pili mtawasikia. Ngoma ndogo itapigwa na mwanafunzi wa Gredi ya 7. Tafadhali msipige picha kwa mwanga mkali, ana woga.