Mlonge

Mlonge (Moringa oleifera) ni mti mwepesi wenye asili ya kaskazini mwa India, unaopandwa pia Mwanza na kwingineko kandokando ya Ziwa Victoria. Majani huanikwa kivulini yasipoteze rangi, husagwa, kisha unga hukorogwa kwenye uji ulioepuliwa. Wengi huutumia kuondoa uchovu. Nguvu yake hasa ni ya lishe, kwa kuwa majani yana protini, madini ya chuma na viini vya vitamini A; sifa ya kutibu kila ugonjwa ni ya wauzaji. Mbegu zilizopondwa hutuamisha tope la maji, ingawa bado ni lazima maji yachemshwe. Mjamzito asitumie mizizi wala magome, na anayemeza dawa za kisukari au shinikizo la damu amwone daktari kwanza.