Mcheza Kwao Hutunzwa na Nani?

Msafara wa Wanyamwezi haukutembea kimya. Mbele alitangulia kirangozi, amejitanda kitambaa chekundu, kichwani ngozi ya mbega na manyoya ya ndege, na nyuma yake ngoma. Richard Burton, aliyetoka pwani Juni 1857 na kuingia Kazeh, yaani Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba, aliyaeleza hayo kwa kirefu, ingawa wapagazi wenyewe aliwaandika kwa dharau. Kirangozi akianzisha, mstari mzima unaitikia, pembe za ndovu na marobota yakipanda na kushuka mabegani. Mji ukikaribia, watu walijipamba, sauti zikapandishwa, bunduki zikapigwa hewani. Hakuna msafara wa kujiheshimu ulioingia Unyanyembe, utemi wenye mji huo wa Tabora, kwa kunyemelea.

Nimeanza na kirangozi kwa sababu ya maneno yanayosemwa kila panapozungumzwa kufadhili sanaa mikoani. Tabora hutajwa kama mahali ambapo sanaa haijafika na inangoja kupelekewa. Maneno hayo yananiuma. Sanaa ilikuwepo, na ilikuwa na watu wa kuilipia. Swali ni wale walipaji walikwenda wapi.

Mlipaji wa kwanza alikuwa kazi yenyewe. Mpagazi alipokea ujira wake kwa merikani, kile kitambaa cha pamba kutoka Marekani, au kwa kaniki, shanga na waya wa shaba. Kitambaa kilipimwa kwa doti, shuka mbili za mikono minne minne. Juu yake palikuwa na posho ya njiani. Hapakuwa na fungu la kuimba, lakini wimbo ulikuwa ndani ya ujira, kwa kuwa ndio uliopanga hatua na kuwafanya watu wasahau Ugogo na ukame wake. Mashambani ilikuwa hivyohivyo. Bugobogobo, ngoma ya majembe ya Wasukuma na jirani zao Wanyamwezi, ilichezwa mtaroni: kikundi kinalima, wapiga ngoma wanawasukuma kwa mdundo, na mwenye shamba anatoa chakula, pombe, pengine na mnyama wa kuchinja. Wayeye, wacheza nyoka, walikuwa na chama hasa. Aliyetaka kuingia alilipa kiingilio, akafundishwa dawa na nyimbo pamoja. Tukitaka kutafuta chuo cha sanaa cha zamani magharibi ya Tanzania, tuanzie hapo.

Mlipaji wa pili alikuwa mtemi. Neno ikulu tunalolitumia leo kwa nyumba ya Rais limetoka huku, kwa Wanyamwezi na Wasukuma, na ikulu ya zamani haikuwa makazi tu. Palikuwa na ngoma za utemi, na wapigaji wake walikula katika ghala la mtemi. Manju aliyejua kusifu alijua pia kukosoa, na vyote viwili vilimpatia riziki. Januari 1893 Mtemi Isike wa Unyanyembe, alipoona Wajerumani wamekwisha kuingia bomani kwake, alijilipua kwa baruti yake mwenyewe. Utemi haukufa naye. Wajerumani waliweka watu wao, na Waingereza baadaye wakatawala kupitia watemi, kwa hiyo ngoma za ikulu ziliendelea kuwa na mwenyewe kwa miaka mingine 70.

Katikati ya miaka hiyo ikaja beni, ngoma ya tarumbeta na gwaride. Ilizaliwa pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, ikabebwa na askari, makarani na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza mpaka bara. Tabora, iliyotekwa na Wabelgiji Septemba 1916, ilikuwa njia panda ya watu hao wote. Marini na Arinoti, vyama viwili vikubwa vya beni, vilikuwa na wafalme wao, majenerali wao na waweka hazina wao. Huyo mweka hazina ndiye ninayemtaka hapa. Tarumbeta halikupewa kama zawadi. Lilinunuliwa kwa ada, senti juu ya senti, za watu wa kazi ndogo, na chama hichohicho kilimzika mwanachama akifa. Fedha ya ngoma na fedha ya maziko zilikaa katika kasha moja. Wakoloni waliwaona wanaigiza jeshi. Mimi naona watu waliojitengenezea mfuko wa utamaduni kabla hakijatungwa cheo cha afisa utamaduni.

Reli ilikuwa imefika Tabora mwaka 1912, Kigoma mwaka 1914, na tawi la Mwanza likakamilika mwaka 1928. Njia ya misafara ikawa njia ya garimoshi, na muziki ukapanda behewani. Miaka ya 1950 Tabora ilikuwa na Kiko Kids ya Salum Zahoro. Baadaye zikavuma Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, hii ya pili ikichukua jina la utemi wenyewe. Nyanyembe ndiyo iliyotuachia “Rangi ya Chungwa,” wimbo unaopigwa harusini hadi leo na vijana wasiojua kwamba ulitoka Tabora. Tabora Jazz, wenye mtindo wa Segere Matata, waling'ara na Shem Karenga, kijana aliyetoka Kigoma, mwisho wa reli, ambako muziki wa Kongo ulikuwa unavuka ziwa. Mji mmoja wa bara, mbali na bahari na mbali na studio, ukawa na bendi tatu zenye jina nchi nzima.

Nani alilipa? Kiingilio cha mlangoni, na mwenye vyombo. Katika dunia ya dansi hilo la pili ni neno zito. Mwanamuziki angeweza kuwa na kipaji cha kumwaga, lakini gitaa, vipaza sauti na saksafoni vilikuwa vya mwenyewe, awe klabu au mtu mmoja. Ukigombana naye unaondoka na sauti yako tu. Halafu kuna kutunza: mtu anainuka kitini, anacheza taratibu hadi mbele, anabandika noti kwenye paji la uso la mwimbaji lenye jasho, noti inanata. Mkoa wa tumbaku ulitunza kwa msimu. Wakulima wa Urambo walipolipwa, ukumbi ulijaa. Mvua zikianza, watu wakirudi shambani, bendi ilifunga virago kutafuta mji mwingine.

Hapa ndipo penye kiini cha habari hii, na ni suala la wiki chache tu. Tarehe 10 Desemba 1962, siku aliyohutubia Bunge kama Rais wa kwanza wa Jamhuri, Mwalimu Nyerere, aliyesoma sekondari hapahapa Tabora, alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Mwaka 1963 ulipoingia, mamlaka ya machifu yalifutwa kwa sheria. Naelewa kwa nini mambo hayo mawili yalifanywa, na silalamikii uhuru. Lakini ukiyatazama kutoka Itetemia, penye ikulu ya Unyanyembe, maana yake ni moja: mwenye ghala lililowalisha wapiga ngoma ameondolewa, na ghala jipya limejengwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kwa reli.

Ghala hilo lilikuwa na chakula kweli. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na wanamuziki wake wakapata mshahara wa mwezi, jambo geni kabisa wakati ule. Jeshi, polisi, kiwanda cha nguo cha Urafiki, bima, usafiri wa mabasi, kila shirika likataka bendi yake. Sanaa ya Tanzania haijawahi kupata ufadhili mkubwa kama ule, wala haukutokana na wahisani. Lakini bendi ilikaa penye makao makuu ya shirika, na makao makuu karibu yote yalikuwa Dar es Salaam. Mpiga gitaa wa Tabora aliyetaka mshahara alipanda treni.

Studio nayo ilikuwa huko. Radio Tanzania ndiyo iliyorekodi. Bendi ilisafiri na vyombo vyake, ikapiga nyimbo zake, ikarudi. Wimbo ulibaki katika utepe wa redio na kupigwa miaka mingi. Sahani za santuri zilikwenda kufyatuliwa Nairobi. Sheria ya hakimiliki iliyoleta COSOTA, chombo cha kusimamia haki za wasanii, ilikuja mwaka 1999, wakati wengi waliotunga wameshazeeka au wamezikwa. Bendi za bara zenyewe zilikuwa zimeishiwa nguvu mapema, baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, wakati hata nyuzi za gitaa zilikuwa tatizo kupatikana. Bendi ya shirika ilikuwa na pa kuegemea. Ya kiingilio haikuwa na pa kushika.

Kulikuwa pia na Mzee Mwinamila, manju wa Kinyamwezi kutoka Tabora, na kundi lake lililoitwa Hiari ya Moyo. Waliozaliwa kabla ya miaka ya 1980 hawahitaji kuelezwa. Sauti yake iliiimbia nchi redioni, ikausindikiza uhuru na siasa ya chama. Jina la kundi lake ndilo linalonirudisha nyuma kila mara. Taifa liliupokea moyo wa watu hao kwa hiari yao, likautumia, na kwangu hilo ni deni.

Serikali ilijaribu kusogeza mkono. Sera ya Utamaduni ilitoka mwaka 1997, mwaka uliofuata ukaanzishwa Mfuko wa Utamaduni kwa msaada wa Sweden, na miaka ya karibuni mfuko umefufuliwa na sasa unatoa mikopo. Mkopo unamfaa mwenye biashara ya filamu mjini. Kwa kikundi cha ngoma cha Isikizya au Sikonge nauona kama jibu la swali jingine. Mzinga wa ngoma wenye ngozi ya ng'ombe hauwekwi rehani benki, na ngoma ya msimu wa mavuno haina marejesho ya kila mwezi. Kinachohitajika huku ni ruzuku ndogo, na mtu wa kuitoa papa hapa mkoani, anayejua ngoma ipi ni ya mwezi upi.

Pale Kwihara, nje kidogo ya mji, tembe alimokaa Livingstone imehifadhiwa kuwa makumbusho, na mwaka 2006 Tanzania iliiorodhesha njia nzima ya misafara, Bagamoyo mpaka Ujiji, katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia. Vizuri. Kuta zimepata mtetezi. Ila mgeni alifika Kwihara nyuma ya kirangozi, na wimbo wa kirangozi hauna tembe.

Vikundi vya ngoma vya Tabora bado vina daftari. Ni lile la kawaida la shule, limekunjika pembe, lina majina upande wa kushoto na michango upande wa kulia, na baadhi ya miraba iko wazi. Kabla ya kucheza, nyasi kavu huwashwa moto, ngoma zikalazwa kuuzunguka zielekeze ngozi kwenye joto. Mpigaji anagonga kwa kidole, anasikiliza, anaisogeza tena. Ngozi ikiwa imechoka sauti haipandi hata moto uwe mkubwa namna gani, na hapo mweka hazina hufungua daftari kuona kama mchango wa mwezi huu unatosha ngozi nyingine.