Aliyezidisha Dawa ya Usingizi

Somo hili ni lako, msikilizaji wa Kipili, nawe uliye huko juu Ufipa. Shika daftari lako. Leo tutasoma jinsi waganga wa hospitali walivyojifunza kumwokoa mtu aliyemeza dawa ya usingizi kupita kiasi.

Mwaka 1903 Wajerumani wawili, Emil Fischer na Joseph von Mering, walitangaza dawa ya usingizi iitwayo babitali. Mwaka 1912 ikafuata ndugu yake, fenobabitali, ambayo hutuliza kifafa pia. Ndiyo aliyoitumia Daktari Louise Jilek-Aall alipowatibu wenye kifafa kule Mahenge, kuanzia mwaka 1960 hivi. Hata leo imo katika nyumba nyingi.

Lakini dawa hii ikizidi, hulaza hata sehemu ya ubongo inayoamrisha pumzi. Basi mara nyingi kinachoua si usingizi wenyewe, bali ni kukosa hewa.

Zamani waganga waliwaza hivi: aliyelala na aamshwe. Wakamchoma sindano za dawa kali, kama pikrotoksini. Wengine wakashikwa na degedege, wakafa.

Huko Copenhagen, Denmaki, Carl Clemmesen na Eric Nilsson waligeuza shauri. Mwaka 1949 kilifunguliwa kituo cha wagonjwa hawa katika hospitali ya Bispebjerg. Sindano zile ziliachwa. Walilinda njia ya hewa, wakampumulisha aliyeshindwa, wakamtia maji mshipani, wakamgeuza ubavu mara kwa mara. Kisha wakangoja mwili utoe sumu wenyewe. Zamani walikufa kama 20 katika kila 100. Sasa wakafa 1 au 2 tu.

Je, sisi tunapata fundisho gani? Kutoka ziwani mpaka Namanyere ni safari ya kupanda mlima. Ukimkuta mtoto amemeza vidonge vya babu yake, usimtapishe, wala usimpe kahawa. Akiwa amelala lakini anapumua, mlaze ubavu, uangalie pumzi yake. Chukua na pakiti ya dawa, umkimbize kwa mganga. Na aliyemeza kwa uchungu wa moyo usimkaripie. Huyo naye ni mgonjwa.

Maswali:
1. Kwa nini sindano za kuamsha ziliwadhuru wagonjwa?
2. Nyumbani kwako dawa huwekwa wapi? Mtoto aweza kuzifikia?

Kwaheri mpaka somo lijalo.