Dakika 15 za Mzee Eliot

Charles Eliot alikuwa rais wa Chuo Kikuu cha Harvard kwa miaka 40. Alikuwa na usemi mmoja uliowavutia sana wachapishaji: kwamba rafu ya vitabu yenye urefu wa futi tano ingetosha kumpa mtu elimu pana, mradi asome dakika 15 kila siku. Alipostaafu mwaka wa 1909, kampuni ya Collier ilimpa kazi ya kuvichagua vitabu hivyo. Zikatoka juzuu 50, zikanunuliwa na watu wengi ambao hawangewahi kukanyaga Harvard. Baadaye ikatolewa hata ratiba: tarehe fulani, kurasa fulani.

Hapa Mukuru kwa Reuben tungemwambia mzee huyo kwamba shida si dakika. Dakika ziko, hadi zinabaki. Asubuhi, ukishuka Industrial Area, utakuta watu mbele ya mageti ya viwanda wakingoja kuitwa kibarua. Wengine wanaitwa, wengine wanarudi. Nimesimama hapo miezi mingi, na ndipo nilipomalizia Kusadikika cha Shaaban Robert, kurasa tatu nne kwa siku, nakala ya mtumba isiyo na jalada. Kitabu chenyewe, kilichotoka 1951, kinafaa msomaji wa vipande. Karama yuko kizimbani, na anajitetea kwa kusimulia safari za wajumbe sita, mmoja baada ya mwingine. Kila mjumbe anatumwa mbali, anarudi na maarifa, anatupwa gerezani. Ukisoma yote kwa mkupuo unaweza kuchoka na marudio. Ukisoma mjumbe mmoja, halafu ushinde siku nzima ukibeba magunia, yule mjumbe hakuachi.

Shida ni kitabu chenyewe, na nani aliruhusiwa kukishika. Maktaba ya McMillan, ile yenye simba wa mawe mlangoni kule Banda Street, ilifunguliwa 1931. Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo hadi mwishoni mwa miaka ya hamsini. Hebu piga hesabu: robo karne na zaidi, mji umejaa vijana wanaojua kusoma, na rafu ziko pale pale, nyuma ya nguzo. Matawi yake mawili yako huku kwetu Eastlands, Kaloleni na Makadara. Kutoka kwa Reuben hadi Makadara mguu unafika, nauli haihitajiki.

Halafu kuna swali la uchaguzi. Katika rafu ya Eliot, Afrika inaingia kupitia Augustino, mzaliwa wa nchi tunayoiita Algeria leo. Waswahili hatumo kabisa. Na si kwamba hatukuwa na cha kusoma. Mwana Kupona alitunga utendi wake 1858, akiwa mgonjwa, ili bintiye abaki na mafunzo ya mama. Hiyo ni nusu karne kabla ya Harvard kutengeneza rafu. Mimi sikubaliani na mengi anayomfunza yule msichana kuhusu mume, lakini ni heri nibishane na Mwana Kupona kuliko nisijue alikuwepo.

Kwa hivyo simkatai Eliot. Namfanyia alichofanya Nyerere kwa Shakespeare. Mwaka wa 1963, akiwa na nchi changa mikononi, Mwalimu alitoa Juliasi Kaizari kwa Kiswahili. Miaka sita baadaye akairudia tafsiri yake, akaisahihisha, na mwaka huo huo akaongeza Mabepari wa Venisi. Rais mzima, anahangaika na mizani ya mistari! Hakungoja mtu amwambie kama kitabu hicho ni chake.

Na tamthilia hiyo inaanza na watu wetu. Kabla ya Kaizari kuonekana, wakubwa wawili wanawasimamisha mafundi barabarani na kuwafokea: leo ni siku ya kazi, mbona mnazurura, vyombo vyenu vya kazi viko wapi? Mmoja ni seremala, mwingine anashona viatu. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu, watu wakanitazama. Jioni nikawasomea majirani. Walibishana kama wale wakubwa walikuwa kanjo au polisi. Fundi viatu wa njia yetu hakujali hilo. Alitaka tu kujua yule mwenzake wa Roma aliwajibu nini.